Folda Yenye Jina Langu

Mbinga nilikaa miaka saba, na katika miaka hiyo yote nadhani nilisema maneno mia nne, na mia tatu kati ya hayo niliyasema nikiwa peke yangu. Natia chumvi, najua. Lakini si chumvi nyingi.

Mimi ni mtu wa ziwani. Nimezaliwa huko chini Mbamba Bay, kwenye mchanga na jua, na Mbinga iko juu, kwenye baridi. Ukungu wa kule asubuhi ulikuwa mzito hata nilidhani siku moja watu watauchimba wafyatulie matofali. Wenyeji wake, Wamatengo, ni wakarimu. Hutapita mlangoni kwa mtu anakula ukaachwa upite. Tatizo langu lilikuwa kicheko. Kiswahili kule ni cha ofisini, sokoni na kwa padri. Utani unapofika penyewe hasa, mtu anahamia Kimatengo bila kujua kuwa amehama. Basi mimi nilikuwa nacheka wa mwisho, baada ya kuhesabu meno ya wenzangu yaliyotoka nje. Ukicheka hivyo mwaka wa kwanza, unaona raha ya kuwa na watu. Mwaka wa nne unaanza kuchoka mashavu.

Wazazi wangu walikuwa wameshafariki, dada yangu yuko Dar es Salaam na watoto wake, na chumba changu kilikuwa na kitanda kimoja, kiti kimoja na sahani moja, ambayo niliiosha mara nyingi kuliko ilivyohitaji. Jumapili mji mzima ulipanda kwenda kanisa kubwa la Wakatoliki, nami nikaelekea kwetu Waanglikana, ambako tulikuwa wachache kiasi kwamba mtu mmoja akipata mafua, kwaya imekufa.

Elimu yangu ni ya jioni. Kidato cha kwanza hadi cha nne nilikisoma nikiwa na ndevu, baada ya kazi, kwenye madarasa ambayo mchana yalikuwa ya watoto wa shule ya msingi, magoti yakigusa kidevu. Nilipofaulu nilitembea wiki nzima nimeinua shingo kama twiga. Ndipo soko huria lilipokuwa limekolea. Makampuni ya kununua kahawa yalikuwa yanabandika vibao kila kona, na ghala moja la zamani la ushirika likabaki tupu, likakodishwa na mradi wetu. Ulikuwa mradi wa mbegu. Huku juu tuligawa miche ya kahawa na miti. Kule chini ziwani tuligawa pingili za mhogo safi, kwa sababu mihogo yao ilikuwa imeshikwa na batobato, majani yanajikunja na mizizi inakuwa kama vidole vya mgonjwa.

Mradi ulileta kompyuta tano za mitumba, nzito kama mawe ya kusagia. Moja ilikaa kwetu ghalani Mbinga, nyingine zikaenda kwenye vituo vinne: Kitai, Ruanda, Ukata na Mbamba Bay. Meneja aliuliza nani anajua kompyuta. Nilikuwa nimesoma wiki sita. Nikasimama. Tangu siku hiyo nikawa mtaalamu mkuu wa kompyuta kusini mwa ikweta, cheo nilichojipa mwenyewe na ambacho hakuna aliyekuja kukigombea.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Kila kituo kilihudumia vijiji kadhaa. Karani wa kituo alitengeneza jedwali moja kwa kila kijiji: majina ya wakulima, na kila mmoja anahitaji nini. Kisha majedwali yote yaunganishwe kuwa orodha moja, ichapishwe, na kwa orodha hiyo lori la mbegu lijue liende wapi na lishushe kiasi gani. Kuunganisha kwa mkono kulichukua siku mbili na kuharibu macho. Nikaandika makro. Makro ni mlolongo wa amri unaouficha ndani ya jedwali. Mtu anabofya kitufe kimoja, nayo inafanya kazi ya siku mbili wakati wewe unatafuta kikombe cha chai. Siku ilipofanya kazi mara ya kwanza nilipiga kelele ghala zima. Hapakuwa na mtu. Nikampongeza mtaalamu mkuu mwenyewe.

Ila ilikuwa na kasoro moja. Makro lazima ijue majedwali yako wapi, na mimi nilikuwa nimeiandikia mahali pamoja tu, bila mjadala: folda yenye jina langu. Kwenye kompyuta yangu majedwali yalikaa humo, basi nikaona dunia nzima inakaa humo. Nilipokwenda kuiweka makro kwenye vituo, kila mahali nikatengeneza folda ile ile, jina langu lote, la kwanza na la ukoo. Nikawaambia makarani: tieni majedwali humu, bofyeni kitufe, basi.

Mwezi wa kwanza nikaitwa na kituo cha Ruanda kwa simu ya upepo. Karani wake alikuwa mwalimu mstaafu, mzee mwenye koti la miaka yote.

"Kazi imekwama," akasema, sauti inakwaruza. "Njoo."

"Shikamoo mzee. Imekwama vipi? Inaandika nini kwenye kioo?"

"Haijaandika kitu. Hatujaigusa. Tunakungoja wewe."

Nikapanda lori hadi Ruanda. Nilimkuta amekaa mbele ya kompyuta, mikono magotini, majedwali yake yote tisa yamekamilika, yamepangwa vizuri kwenye folda aliyoiita Kituo. Folda yenye jina langu iko pembeni, tupu kabisa.

"Mzee, mbona hukuyatia humu?"

Akanitazama kana kwamba mimi ni mwanafunzi aliyeingia darasani na kofia. "Hiyo si ya kwako? Jina si lako? Mimi niingie nyumbani kwa mtu, nipange vitu vyangu, mwenyewe hayupo?"

Nilicheka, na safari hii nilikuwa wa kwanza. Nikamwambia, mzee, hiyo si nyumba. Akasema hata sanduku ni hivyo hivyo. Marehemu baba yake aliacha sanduku lenye jina lake juu, na halikufunguliwa hadi ukoo mzima ulipokaa. Basi nikahamisha majedwali kwa mkono wangu, nikabofya, orodha ikatoka. Mzee akapiga makofi. Nikaletewa ugali wa mahindi na maharage, mlima mzima, na tulipiga soga mpaka lori la kurudi likapiga honi mara tatu.

Ukata ikawa hivyo hivyo. Kitai wao walikuwa wajanja kidogo, wapo barabarani kwenye mabasi, wameona mengi. Walijaribu kuingia mara moja, wakatoka wenyewe, wakaona haya. Kila mara nilisema, "Jamani, ingieni tu, hata nisipokuwepo." Lakini kuna namna ya kusema. Nilisema kwa sauti ile ya mgeni anayesema ameshiba huku macho yako kwenye sufuria. Nao, watu wa adabu, wakanisikia vizuri: mwenyewe anasema kwa heshima tu, hataki.

Sikutaka, kwa kweli. Mbamba Bay ndiyo sababu.

Karani wa Mbamba Bay alikuwa mama wa makamo, mjane, wa rika la marehemu mama yangu. Alikuwa amesoma kuchapa kwa mashine enzi za taipureta, na vidole vyake vilipiga kibodi kama mvua ya mawe kwenye bati. Mara ya kwanza niliposhuka kule kufungua folda, nilimwamkia kwa Kiswahili. Akanijibu kwa Kinyasa, lugha yetu ya ziwani, akaniuliza mimi ni wa ukoo gani, nilipomtajia akataja jina la bibi yangu. Sikuwa nimesikia mtu akilitaja jina hilo tangu mazishi yake. Akafunga ofisi mchana ule, akanipeleka kwake, akanipikia usipa wabichi, wale dagaa wetu wadogo wa ziwani, na ugali wa mhogo mweupe unaovutika. Nilikula kama mtu aliyetoka kwenye mfungo. Nilizungumza. Nilitania kwa lugha yangu na mtu akacheka palepale, wakati uleule, bila kungoja. Akaniita mwanangu. Siku iliyofuata nilipopanda mlima kurudi Mbinga nilikuwa nimekauka sauti.

Basi kila mwezi wa orodha nikawa nashuka. Wenzangu walinionea huruma kwa barabara ile mbaya. "Masikini, unateseka!" Nami nilikunja uso kama shahidi wa dini.

Kisha nikajua dawa. Ilikuwa ndani ya programu yenyewe, kwenye kurasa za msaada, Kiingereza kigumu kama mkate wa wiki iliyopita. Nilikaa nayo na kamusi jioni baada ya jioni, maana ndiyo elimu yangu ilivyozoea. Ilisema hivi: huna haja ya kuiambia makro iende mahali fulani. Iambie imuulize mtumiaji. Kinafunguka kidirisha chenye folda zote za kompyuta, mtu anachagua ya kwake, anabofya, na makro inakwenda hapo alipochagua yeye. Akighairi, makro inaondoka kimya kimya bila kununa. Ilinichukua wiki mbili. Jina la folda linarudi bila kile kimstari cha mshazari kinachotenganisha majina mwishoni, na usipokiongeza mwenyewe makro inatafuta majedwali yasiyokuwepo duniani. Kwa kimstari hicho nilikaribia kuhama dini. Lakini ikakubali. Niliijaribu mara ishirini. Ilikuwa safi kama maji ya kijito. Kila karani angeweza kuchagua folda yake mwenyewe, na jina langu lisingehitajika popote.

Nikainakili kwenye disketi, nikaitia mfuko wa shati. Nikashuka nayo Mbamba Bay mwezi ule, nikala usipa, nikarudi nayo. Mwezi uliofuata nikashuka nayo tena, nikarudi nayo tena. Nilikuwa najiambia bado inahitaji majaribio. Ilikuwa imejaribiwa kuliko daraja.

Mahindi yakavunwa, kiangazi kikapita bila orodha, ukafika msimu wa mhogo. Mradi ulikuwa umewaagiza watu wa ziwani wang'oe mihogo yote yenye batobato, waichome, watayarishe matuta, kisha lori litaleta pingili safi. Pingili ni kitu cha haraka. Zikishakatwa zinaanza kukauka. Meneja akatangaza kwa simu ya upepo: lori litafika Jumamosi, orodha za vituo vyote ziwe tayari Ijumaa, kituo kisicho na orodha hakipati.

Vituo vingine nilikuwa nimeshavipitia. Mama wa Mbamba Bay akaniita Jumatano. "Majedwali yote kumi na moja tayari, mwanangu. Unakuja lini?"

Hapo ningeweza kumwambia, mama, fungua tu folda ile, tia, bofya. Maneno saba. Dakika moja. Nilisema, "Nakuja kesho, mama. Loweka usipa."

Kesho yake nikapata lori. Na usiku wa kuamkia siku hiyo mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha, mapema kuliko watu walivyotazamia. Tulipoanza kuteremka mlima, lori likazama upande mmoja hadi kwenye mhimili. Tukalisukuma watu wote, na magunia tukayashusha, likazidi kushuka kama linakwenda kusalimia mizimu. Ijumaa tulikuwa hapohapo. Jumamosi trekta lilikuja hadi upande wa juu, halikuweza kutufikia. Jumapili nikavua viatu nikatembea. Nilifika Mbamba Bay Jumatatu mchana, tope hadi nyusi.

Nilimkuta kwake, anaosha vyombo uani. Nyuma yake palikuwa shamba lake. Lilikuwa limeng'olewa lote, limelimwa, matuta yamenyooka kama yamepigwa pasi. Hapakuwa na kitu juu yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Pole kwa safari."

"Lori la mbegu..."

"Lilipitia njia ya Lituhi, likaja Jumamosi kama walivyosema. Dereva akaomba orodha, nikamwonyesha majedwali kwenye kioo, akasema yeye anataka karatasi. Akaita meneja kwa simu. Meneja akasema pingili zitakauka, zipelekwe kwa walio na orodha. Zimekwenda Ukata, nao wanalima mihogo kidogo."

"Zote?"

"Walishusha kidogo pale shuleni, za shamba la shule. Nyingine mpaka mwakani, ndivyo alivyosema."

Nikakaa kwenye ngazi. "Mama, ungeifungua tu ile folda."

"Ile yenye jina lako?"

"Ndiyo."

"Marehemu mama yako alikufundisha kuingia kwa mtu ambaye hayupo?" Akasuuza sufuria. "Na mtu mwenyewe kanambia anakuja kesho. Nimvunjie mlango, na yuko njiani?"

Ningeweza kunyamaza. Angenipa maji ya kuoga, angenipikia, na hadi leo angeamini ni mvua. Lakini nilikuwa natazama yale matuta. Nikatoa disketi mfukoni, imelowana pembeni.

"Mama, kuna dawa ya hili jambo. Hii hapa. Ukiwa nayo, unachagua folda yako mwenyewe, popote, hunihitaji mimi."

"Vizuri. Umeipata njiani?"

"Ninayo tangu kabla ya mavuno ya mahindi."

Mkono wake ukasimama. "Na umekuja hapa mara ngapi tangu hapo?"

"Mara tatu, pamoja na leo."

"Mbona hukuitoa?"

Nilitafuta mzaha. Mimi huwa nina mzaha wa kila jambo, hata kwenye msiba wanajua kunikalisha mbali na wafiwa. Siku ile mdomo ulikuwa mtupu. Nikasema, "Nikiitoa, nitakuja huku kwa sababu gani?"

Akarudi kwenye vyombo vyake.

"Kumbe," akasema. "Shamba langu ndilo lilikuwa nauli yako."

Hakupiga kelele. Alinipa maji ya kuoga na alinipikia, maana mgeni ni mgeni. Ila alikula kwa Kiswahili. Yaani maneno yote aliyoniambia mezani yalikuwa ya Kiswahili sanifu, kama ya ofisini, naye alijua kwamba nimejua.

Asubuhi yake tukaenda kituoni. Bahati disketi ilisomeka. Nikaweka makro mpya, nikamwachia kiti. Akabofya kitufe, kidirisha kikafunguka, folda zimejipanga moja chini ya nyingine.

"Nachagua yoyote?"

"Ile yenye majedwali yako."

Akateremka na kipanya taratibu, akafika kwenye folda aliyokuwa ameiita Mihogo, akaichagua. Orodha ya vijiji kumi na kimoja ikatoka kwa muda wa kupiga chafya. Majina ya watu mia mbili na zaidi, na la kwake limo, kijiji cha nne, mstari wa juu. Akalisoma.

"Dakika moja," akasema.

"Hata haifiki."

"Na hii ya kwako sasa ya nini?" Kipanya kilikuwa juu ya jina langu.

"Ifute tu, mama."

Kompyuta ikamuuliza kama ana hakika. Akabofya ndiyo, bila kunitazama.

Nikapita vituo vyote. Ruanda, mzee mwalimu alifurahi hata akanikumbatia na koti lake. "Sasa hutapata tabu ya kuja tena!" Meneja alinisifu mbele ya kikao, akasema nimeuokolea mradi safari. Watu wakapiga makofi. Mtu mmoja akasema jambo kwa Kimatengo, wote wakacheka, nikahesabu meno, nikacheka.

Tangu hapo orodha zilikuja zenyewe. Madereva walizileta kwenye bahasha, zimechapwa vizuri, hazina kosa. Simu ya upepo ikilia nilikimbia, nikakuta ni ya meneja. Bahasha ya Mbamba Bay niliikung'uta kila mwezi, nikidhani huenda kuna kijikaratasi. Hapakuwa na kitu ndani ila orodha. Wakati wa mchana ghala lilikuwa kimya hata niliwasikia mchwa wakijadiliana.

Mwaka uliofuata pingili zilifika ziwani zote, kwa orodha, siku yake. Nikachukua likizo. Nilikuwa na zawadi: kilo mbili za maharage ya Mbinga na khanga. Nikashuka, nikafika kituoni kabla ya saa sita. Mlango ulikuwa wazi na ndani kulikuwa kumejaa. Makatibu wa vijiji walikuwa wamemzunguka mama, kila mmoja na karatasi zake, naye anawafundisha kuchagua folda. Nilisikia sauti yake: "Siyo hapo, baba, hiyo ni ya mwenzio. Chagua ya kwako. Haya, bofya." Wakashangilia kama mpira umeingia.

Akaniona dirishani. Akainua mkono. "Karibu! Kaa hapo nje kidogo, namalizana na hawa." Kwa Kinyasa.

Nikakaa kwenye benchi. Wakaja wengine, kutoka vijiji vya mbali, wakapita mbele yangu wakaingia. Kila mmoja aliniamkia, nikaitikia. Saa saba ikapita, saa nane. Alitoka mara moja kwenda kuchukua karatasi, akanishika bega, "Umekonda, wewe," akarudi ndani. Kutoka pale nililiona shamba lake kwa mbali, kijani, majani yamenyooka. Lori lilikuwa moja tu siku hiyo, na lilikuwa linaondoka saa tisa ili lipande mlima kabla ya giza.

Lilipopiga honi, akatoka mlangoni, kalamu sikioni. "Unaondoka? Mbona hata hujala!"

"Nitakuja tena, mama. Nimeacha mzigo hapo kwenye benchi."

"Haya, wasalimie."

Alikuwa hajui niwasalimie nani, wala mimi sikujua.

Nikapanda nyuma ya lori, nikakaa juu ya magunia ya usipa wakavu, karibu na mwanamke aliyekuwa anakwenda kuyauza Mbinga. Tulipoanza kupanda, akaniuliza, "Kaka, ulikuja kikazi?"

"Hapana. Nilikuja kusalimia."

"Umewakuta?"

"Nimewakuta," nikasema.